Nilivyokiri Kumroga Rahel

Mimi nina titi moja. Jingine nililiacha hospitali na sijawahi kurudi kulidai. Watoto wa hapa Misigiri wakinichungulia kanisani huwa nawaambia limekwenda kusalimia ndugu, litarudi Krismasi. Mama zao wanawafinya wasicheke, lakini mabega yao wenyewe yanacheza.

Mama yetu alikufa kwa titi. Mdogo wangu Febronia akafa kwa titi. Mimi likaniota, likakatwa, nikabaki. Na hilo la kubaki ndilo lililoniletea maneno. Ukifa kwa ugonjwa uliomuua mama yako, watu wanakulilia vizuri kabisa. Ukipona, wanaanza kujiuliza umepona kwa nini wewe, na hao wengine waliliwa na nani. Ila walikuwa wananong'ona tu, kwenye mashine ya kusaga, mpaka Hetal alipokuja na kipimo chake.

Hetal ni binti wa mzee Gokaldas mwenye duka la vitambaa Singida mjini. Nimemjua angali anatambaa juu ya majora. Baba yake ananipimia kitenge kwa mkono mmoja, mkono wa pili amemshika mguu asidondoke. Siku hizi ni daktari wa utafiti. Anazungukia koo ambazo saratani ya titi inarudi rudi. Akachukua damu yangu na damu ya Rahel, mtoto wa marehemu Febronia. Rahel ndoa yake ilivunjika, akarudi kukaa na mimi mama yake mkubwa, nyumba yangu ikiwa ndani ya uzio wa mdogo wangu wa kiume, Melkizedeki. Melkizedeki ndiye kichwa cha ukoo. Ni mzee wa kanisa pia, kila Jumapili mpaka saa saba mchana. Baada ya hapo anarudi kuwa mtu wa kawaida.

Majibu yalipotoka Hetal alitukalisha uani.

"Shikamooni," akasema. "Zile jeni zinazojulikana sana kwa kuleta saratani ya titi kwenye familia, tumezisoma. Kwa bibi na kwa Rahel hazina kasoro."

Melkizedeki akainuka kwenye kiti. "Daktari, unasema kwenye damu hakuna kitu?"

"Nasema kwenye jeni tulizosoma, mzee. Kuna sehemu nyingine nyingi ambazo hatuja..."

"Hakuna kitu," akasema Melkizedeki, akitugeukia kama anayefunga ibada. "Mmesikia wenyewe. Kama si damu, basi ni mtu."

Hetal akaanza kukunja karatasi zake. Msichana amesoma mpaka nchi za watu, lakini hakulijua hili moja la kwetu: hospitali ikikwambia haijaona kitu, huwezi kufurahi. Unaanza kuangalia kando ni nani amepona. Na kwenye kile kiwanja, aliyeumwa akapona alikuwa mmoja, naye ndiye anayewaandikia.

Miezi haikwenda mingi, Rahel akashika uvimbe akiwa anaoga. Nilimvuta hospitali siku ile ile, nywele zake bado zina sabuni. Wakachoma sindano, wakatoa nyama kidogo, wakapima. Saratani, lakini changa. Wakampangia tarehe ya kukatwa, karibu tu.

Tulipofika nyumbani nikaona amekaa kwenye kinoo, lile jiwe letu la kunolea visu, mikono kifuani, hataki chakula.

"Mama mkubwa, mimi siendi."

"Huendi wapi?"

"Kukatwa. Mjomba anasema nikikatwa kabla huyo mtu hajapatikana, ugonjwa utahamia upande wa pili."

"Mjomba wako amekuwa daktari wa upasuaji lini? Ng'ombe wake wenyewe akivimba kiwele anamwita bwana mifugo."

Hakucheka. Rahel akikosa kucheka kwa maneno yangu, jua mambo ni mazito.

"Mama alikatwa, akafa," akasema. "Wewe ulikatwa, ukapona. Kisu ni kile kile. Niambie wewe, tofauti ni nini?"

"Mama yako alikwenda limeshapasuka na linanuka. Alikuwa ameshamaliza waganga wote wa wilaya mbili. Mimi nilikwenda likiwa kama punje ya choroko."

"Mjomba anasema tofauti ni nyingine."

Hakuitaja. Aliona aibu, mtoto wa watu. Ndipo nilipojua kwamba kilichokuwa hatarini si heshima yangu tena, hiyo nimeishi miaka bila kuihitaji sana. Kilichokuwa hatarini ni mtoto wa Febronia, na kila siku aliyokaa kwenye kile kinoo uvimbe wake ulikuwa haukai.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Singida kumtafuta Hetal. Nikamkuta nyuma ya duka la baba yake anakunywa chai.

"Wewe," nikamwambia, "umenichomea nyumba. Njoo uzime."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti karibu. "Bibi, kosa langu ni kusema maneno nusu. Sikiliza. Ndani ya mwili kuna maandishi marefu mno. Jeni ni kasehemu kadogo tu ka maandishi hayo. Kale kanatengeneza vitu vya mwili. Sehemu kubwa iliyobaki haitengenezi kitu yenyewe. Zamani wasomi wengine waliiita takataka."

"Wasomi hawajawahi kufagia uwanja. Takataka haikai mahali bila sababu."

"Ndiyo hivyo. Humo ndimo kuna swichi. Zinaiambia jeni: sasa waka, sasa zima. Jeni yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, lakini swichi yake ikiharibika, haiwaki. Kuna jeni ambazo kazi yake ni kuzuia uvimbe. Zisipowaka..."

Nikamzuia kwa mkono, nilikuwa nimeshafika mbele yake. "Ni kama mlinzi wa uwele. Kipimo chako kilikwenda shambani kikamwangalia mlinzi. Ana mikono? Anayo. Ana kombeo? Analo. Mkarudi mkasema shamba ni salama. Hamkuuliza asubuhi nani anamwamsha. Yeye amelala na kombeo lake kifuani, ndege wamemaliza shamba."

Hetal akacheka mpaka chai ikamwagika. "Nitaiiba hiyo, bibi."

"Iibe. Sasa niambie, kwetu anayemwamsha mlinzi ni mbovu?"

Akaacha kucheka. "Sijui. Nahisi hivyo, lakini sijui. Nataka kuisoma damu yenu upya, maandishi yote, na niwe na ya mzee Melkizedeki. Mwanaume naye anaweza kubeba badiliko hilo na kumpa binti yake, hata kama yeye haumwi. Nilimwomba, akakataa. Lakini bibi, Rahel asisubiri hilo. Uvimbe wake unaonekana na unatibika leo. Akatwe kwa tarehe yake."

Nilirudi nikamweleza Rahel yote, mlinzi, kombeo na ndege. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Daktari ana uhakika?"

Ningeweza kumdanganya. "Hana. Uhakika anao wa kisu tu."

"Mganga wa mjomba ana uhakika wa yote," akasema, akageukia ukutani.

Huyo mganga aliitwa Mughwai. Alitokea upande wa Ikungi na begi la ngozi na simu mbili, na Jumamosi asubuhi ukoo ukaitwa uani, alizeti imeanikwa pembeni. Wazee walikuja, majirani wakaja kuazima chumvi wote kwa wakati mmoja. Mughwai alidai kuku kabla hajaanza kuona. Sijui wale wasio na mifugo huwa anawatazamia kwa kitu gani.

"Ninaona mwanamke," akasema, amefumba macho. "Yumo ndani ya uzio huu."

Ndani ya uzio huo wanawake tulikuwa watatu: mimi, mke wa Melkizedeki, na mgonjwa mwenyewe. Hakuwa amejichosha sana.

"Amekula watu wake. Sasa yuko kwenye huyu." Akamnyooshea Rahel kidole. Rahel akajikunyata. "Lakini hajataka kujionyesha. Nitamfuatilia pole pole. Mpaka mwezi uandame, nitakuwa nimemjua. Kabla ya hapo, chuma kisimguse huyu binti. Kikimgusa, hatapona."

Mpaka mwezi uandame. Tarehe ya hospitali ilikuwa kabla ya hapo, na hospitali ukiikosa tarehe unarudi nyuma ya foleni. Nikamtazama Rahel. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayeitikia hukumu.

Nikasimama. Nikakung'uta kanga.

"Baba Mughwai, usijisumbue na mwezi. Ni mimi."

Aliyeendelea kusema alikuwa yule kuku peke yake.

"Mama," akasema Mughwai, na macho yakafumbuka haraka, "mambo haya yana utaratibu wake."

"Utaratibu gani tena? Ulikuwa unatafuta mchawi, nimejileta. Au ulikuwa unamtaka mwingine? Au kuku mmoja alikuwa hatoshi?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia kwa kikohozi.

Melkizedeki alikuwa amesimama, uso umemshuka. Miezi yote hiyo alikuwa ananisingizia chini chini, na sasa nimekubali, akaonekana kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akakuta uko wazi. "Dada," akasema kwa sauti nyembamba. "Unakiri? Mbele ya watu?"

"Nakiri. Andikeni, rekodini, hizo simu naziona. Na kwa kuwa nimekiri kwa mdomo wangu mbele ya mashahidi, mnajua la ukoo wetu. Sipigwi, na masharti ya kumfungua nayataja mimi."

Wazee wakatazamana. Ndivyo ilivyo kwetu tangu enzi za babu zetu: anayekiri bila kulazimishwa haguswi, na akitaja namna ya kumfungua aliyemfunga, hakuna wa kubishana naye. Akibishiwa, mgonjwa akifa, damu ni ya aliyebisha. Nadhani waliiweka hivyo ili wapate wa kukiri. Hawakufikiria kwamba siku moja atakiri mtu kama mimi.

"Umemfungaje?" akauliza mzee mmoja.

"Ndani ya damu. Katikati ya jeni na jeni, mahali ambapo Hetal hakusoma. Ndiyo maana kipimo hakikuniona. Pale kuna anayemwamsha mlinzi. Nimemlaza."

Mughwai alitoa leso akajifuta jasho. Hilo la katikati ya jeni hakuwa amewahi kulisikia, na nilimwona anajaribu kulikariri.

"Sasa masharti," nikasema. "Rahel atakatwa hospitali kwa tarehe aliyopewa. Ikipita siku moja, hafunguki. Baada ya kisu watampa dawa za mshipani, zitamtapisha na kumpukutisha nywele, na atazimaliza zote. Akiruka moja, hafunguki. Melkizedeki atampeleka mwenyewe, akae kwenye benchi mpaka atoke, akae bila kuhubiri."

"Mimi?" akasema Melkizedeki.

"Wewe. Na utampa Hetal damu yako. Kamba niliyotumia imepita kwa mama yetu, nami na wewe tumezaliwa naye. Bila damu ya mwanaume wa tumbo hilo, fundo haliachii."

"Hilo nalo ni sharti?"

"Bisha."

Akamtazama Rahel, akawatazama wazee, wazee wakatazama alizeti. Hakubisha.

"La mwisho. Kuku arudishwe. Ana mayai."

Sikuwa mjinga wa kutojua nilichokinunua. Wifi yangu, mke wa Melkizedeki, alikuwa ameweka ndoo yake ya maji kwenye kivuli cha nyumba yangu asubuhi ile. Kabla watu hawajaondoka alikuja akaivuta, akamwaga maji yote.

Tulikwenda kwa gari la kukodi. Melkizedeki akakaa mbele na dereva, shingo imekakamaa, anajifanya hasikii. Rahel akaninong'oneza.

"Mama mkubwa. Ni kweli?"

"Ningekuwa na uwezo huo, mwanangu, si ningeanza na huyo hapo mbele? Mke wake ningemwacha, mlenda anajua kupika."

Shingo ya mbele ikatikisika. Rahel akacheka huku ameshika kifua, cheko la kwanza tangu siku ya kuoga.

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Uani nilidanganya. Hapa sikudanganyi. Sijamroga mama yako, sijakuroga wewe. Hakuna aliyekuroga. Una uvimbe na kuna watu wanaojua kuutoa, basi. Ukitaka kurudi nyumbani, dereva ni huyu, nitamwambia ageuze."

Tulikuwa tumeanza kuiona miamba ya kuingilia Singida. Rahel akaitazama dirishani mpaka ikaisha.

"Mwambie aende," akasema. "Ila umeharibu jina lako, mama mkubwa."

"Jina langu lina umri wangu. Lingeharibika tu."

Akakatwa. Melkizedeki alikaa kwenye benchi na hakuhubiri, ila niliona midomo inacheza. Hetal akaja kumtoa damu, mdogo wangu akageuza uso kama anakatwa mkono.

Yaliyofuata hayakuwa ya kuchekesha, hata mimi siwezi kuyalazimisha. Dawa zilimpiga Rahel. Alitapika mpaka vya jana, nywele zikabaki kwenye mto. Na mimi nikawa mchawi aliyethibitishwa. Watoto hawakunichungulia tena kanisani, walihamishwa benchi. Dukani niliuziwa bila salamu. Nilikuwa nikipita, mtu anamfunika mtoto. Ilinichoma, sitasema haikunichoma. Lakini jioni naingia ndani, namkuta Rahel amekaa, anapumua, ananiuliza leo nimemtisha nani. Namtajia. Anacheka, ananisaidia kuchambua mboga.

Rahel alipoanza kupata nguvu, Melkizedeki akaja na wazee wawili asubuhi. Nilikuwa napepeta uwele. Sikusimama.

"Dada, ukoo umekaa," akaanza. "Binti amefunguka, tunashukuru. Sasa ukoo unaomba uhame. Kuna kile kibanda cha Kinampanda, kwenye shamba la baba."

"Kibanda kisicho na paa."

"Tutaezeka."

"Ezekeni, muhamie nyinyi. Mimi hapa nilizaliwa, hapa nimezika, na hapa napepeta. Sihami."

"Watu wanaogopa."

"Waogope. Hofu haijawahi kumtoa mtu jino."

Ndipo Rahel akatoka ndani, kichwa hakina hata unywele, hakujifunika. Akaburuta kigoda chake, akakiweka pembeni yangu, akakaa.

"Shikamoo mjomba. Shikamooni wazee. Nauliza tu. Kama alinifunga, amenifungua, mnamfukuza kwa kosa gani? Na kama hakunifunga, mnamfukuza kwa kosa gani?"

"Mwanangu, wewe ni mgonjwa, ingia..."

"Nilikuwa mgonjwa. Atakayebeba vitu vya mama mkubwa aanze na vyangu, vile pale mlangoni."

Wazee walikunywa maji, wakasifu uwele, wakaondoka. Wakasema watarudi baada ya mavuno. Nikawaambia waje na mahindi.

Aliyekuja kabla yao ni Hetal. Hakutaka kutukalisha uani tena, amejifunza. Alimwita kila mtu peke yake ndani ya gari lake. Kwangu alisema hivi: wameyasoma maandishi yote, na kwenye ile sehemu isiyotengeneza kitu, karibu na jeni moja ya kuzuia uvimbe, wamekuta herufi moja imebadilika. Ninayo mimi. Anayo Rahel.

"Ndiyo hiyo?" nikauliza.

"Inaelekea, bibi. Bado siapi. Nikiikuta kwenye familia nyingine zenye ugonjwa, na maabara ikinionyesha kwamba inailaza jeni, hapo nitaapa."

"Umejifunza kutosema nusu."

Melkizedeki aliingia garini akatoka uso umekuwa rangi ya majivu. Alizunguka zizi lake bila sababu. Kisha akaja mpaka kwangu, akakaa chini, kwenye vumbi, mzee mzima.

"Dada. Na mimi ninayo."

Nikamgeukia.

"Anasema naweza kuwa nimempa Belinda." Belinda ni binti yake pekee, anasuka nywele saluni pale mjini, mtoto mwenye kelele kama mimi. "Anasema apimwe, na awe anachunguzwa titi kila mwaka, lisije likaanza kimya kimya." Akafuta uso kwa kiganja. "Dada, nakuomba. Mfungue na yeye. Taja masharti, nitayafanya yote. Hata kuku nitakupa."

Nawaambia kweli, ulimi uliniwasha. Mdogo wangu yuko mavumbini, masharti yananijia yenyewe: aniezekee bati, wifi yangu aninyeshee bustani mwaka mzima. Lakini nikamwona Belinda miaka ijayo, mimi sipo, amekaa kwenye kinoo anasubiri bibi fulani akiri kwanza.

"Sina cha kufungua," nikasema.

"Dada, usininyime."

"Sijamfunga. Rahel sikumfunga, Febronia sikumfunga. Nilisema nimefunga kwa sababu ulikuwa husikii lugha nyingine. Safari hii hakuna wa kukiri, Melkizedeki. Imo kwako, imo kwangu, mama alikuwa nayo akatupa bila kujua. Sasa utampeleka mwanao bila mchawi. Au utamweka nyumbani bila mchawi. Chagua mwenyewe, kwa akili yako, na watu wakuone."

Hakuniomba radhi, na sikuwa nimeingoja. Kisha akainuka, akapanda juu ya kichuguu nyuma ya zizi, maana ndipo mtandao unaposhika, na kijiji kizima kinasikia unachosema.

"Belinda!" akapiga kelele. "Belinda, mimi baba yako. Acha hicho kichwa unachosuka, njoo nyumbani leo!"

"Si nyumbani!" nikamfokea kutoka chini. "Hospitali!"

Akaziba sikio moja, akanitazama kwa hasira, akarudia kwenye simu. "Hospitali. Kwa Hetal. Nakukuta huko. Hapana, sijarukwa na akili. Ni ya kwetu, mwanangu, ni ya damu yetu, nitakueleza. Shangazi yako? Yupo." Akanitazama tena. "Yupo hapa hapa, hahami."